Mtoto wa meno ya juu



Leo naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu mhubiri anayeanza na makosa ya wengine mara nyingi hasikilizwi hadi mwisho.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda Mlola kuadhimisha Misa katika nyumba ya jumuiya na kubatiza watoto. Wanaoijua njia hiyo wanajua ilivyo. Ukishauacha mji wa Lushoto unapita msitu wa Magamba, baridi inakuuma vidole hata kama umevaa koti, kisha unashuka na kupanda tena kati ya mashamba ya viazi, kabichi na maharage yaliyolimwa hadi ukingoni mwa barabara. Huko Wakatoliki ni wachache, na wanafahamiana kwa majina.

Kabla ya Misa, nikiwa naandika majina ya watakaobatizwa, alinijia bibi mmoja. Nyuma yake alikuwa mkwe wake, binti mdogo tu, amempakata mtoto wa miezi kama tisa. Mtoto alikuwa amefunikwa kanga hadi puani. Nikadhani ni kwa sababu ya baridi. Bibi akainama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, huyu kwanza muondolee, ndipo umbatize."

Nikamuuliza, "Nimuondolee nini, bibi?"

Bibi akanyamaza. Yule binti ndiye aliyeishusha kanga na kuunyanyua mdomo wa mtoto kwa kidole. Ufizi wa chini ulikuwa mtupu. Juu yalikuwa yamechomoza meno mawili, meupe kama punje za mchele.

Nikacheka. Nikawaambia, "Meno ni meno. Watoto wengi huanza na ya chini, wengine huanza na ya juu. Hayo ya chini yatafuata. Haya ingieni, Misa inaanza."

Nilijiona nimesema kweli, na kweli nilikuwa nimesema. Muulize mhudumu wa kliniki yeyote wanapopima uzito wa watoto, atakuambia hivyo hivyo. Lakini tulipofika kwenye ubatizo, nikasoma majina saba, wakaitika sita.

Jioni katekista alinisindikiza hadi barabarani. Tulitembea muda mrefu bila maneno. Kisha akasema, kwa adabu yake yote, "Padri, leo umecheka." Nikamwambia sikumcheka mtu, nilicheka hofu isiyo na maana. Akanijibu, "Yule bibi hakukuuliza habari za meno. Ng'ombe akifa nyumbani kwao, watasema ni mtoto yule. Mvua ikikosa, ni yule. Mjomba akianguka na bodaboda, ni yule. Alikuwa anakuuliza: siku ukoo ukianza kusema, nani atasimama na mtoto huyu?"

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Mimi habari za meno nilizijua. Usiku wangu ulikuwa juu ya huyo bibi.

Kiswahili kina neno lake kwa mtoto wa namna hiyo: kigego. Katika jamii nyingi za pwani na bara yake, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza alihesabiwa kuwa ni mkosi uliovaa mwili wa mtoto. Zamani zile kigego aliuawa, na mahali pengine ndivyo ilivyokuwa hata kwa mapacha. Leo, tumshukuru Mungu, haafikishwi huko. Lakini jicho la ukoo bado linamtazama. Mtoto anaweza kuachwa hai, na bado akakua akijua kwamba watu wanamhesabia vifo.

Nikiwa njiani kurudi, nilikumbuka jambo ambalo mtu aliyelelewa katika milima ile hakutakiwa kulisahau. Ufalme wa Wasambaa wenyewe ulianzishwa na kigego.

Habari hiyo imeandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu chake cha Kiswahili, Habari za Wakilindi, kilichochapwa na wamisionari wa Kianglikana kule Magila na kuchapwa tena mwaka 1962. Wazee wa Usambara wanaisimulia kila mmoja kwa namna yake, lakini mfupa wa habari ni ule ule. Mbega alizaliwa katika nchi ya Nguu, akaota meno ya juu kwanza. Wazazi wake walimpenda, hawakukubali auawe. Walipofariki, ndugu zake wakamnyima urithi kwa hoja kwamba yeye ni kigego, na vifo vya ukoo wakavihesabu juu yake. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akawa mwindaji. Akafika Kilindi, akapendwa na vijana wa huko. Lakini mtoto wa mkubwa wa pale akafa wakiwa mawindoni, na Mbega ikambidi kukimbia tena.

Ndipo akapanda milima ya Usambara. Wenyeji waliuona moshi wa moto wake porini, wakamwendea. Akawagawia nyama, nao wakamletea chakula cha mashambani. Nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao yao akawaua. Watu wakaanza kumletea mashauri yao awaamulie. Walipomwita Vugha, usiku akaua simba, na asubuhi watu walipouona mzoga wakamfanya mfalme wao. Wanahistoria wanaiweka habari hii katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Kuanzia hapo ukoo wa Wakilindi ukatawala, na mfalme akaitwa Simba Mwene.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji. Wasambaa wana semi mbili wanapomzungumzia mtawala. Mtawala anaweza kubana shi, yaani kuiharibu nchi hata mvua ikosekane na njaa iingie. Au anaweza kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Ndugu zake Mbega walimtazama mdomoni wakasema huyu ataibana nchi. Kumbe nchi nyingine, juu ya milima, ilikuwa inamsubiri aje kuiponya.

Na si Wasambaa peke yao walioona hivyo. Kule Afrika Magharibi wanasimulia habari za Sundiata, mtoto wa mfalme aliyeshindwa kutembea miaka mingi, akachekwa yeye na mama yake, kisha akapelekwa uhamishoni. Huyo ndiye aliyeshinda vita ya Kirina mwaka 1235 na kuujenga ufalme wa Mali. Wahindi katika masimulizi ya Mahabharata wanaye Karna, aliyewekwa kikapuni na mama yake asiyeolewa, akaachiwa mto umchukue, akalelewa na mwendesha gari la farasi, akawa shujaa mkubwa. Warumi walisema mji wao ulianzishwa na pacha waliotupwa mtoni kwa amri ya mfalme, wakanyonyeshwa na mbwa mwitu.

Wagiriki waliisimulia habari hii kwa uchungu zaidi. Waliosoma Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi, wanaikumbuka. Mfalme Laius aliambiwa kwamba mwanawe atamuua. Kwa hofu akaamuru kitoto kikatupwe mlimani, miguu yake imetobolewa. Mchungaji akakionea huruma, kikakulia ugenini, na siku moja kijana huyo akakutana na baba yake njiani, wakagombana, akamuua bila kumjua. Angemjuaje? Aliyemtupa ndiye aliyemfanya asimjue. Tazama jinsi hofu ilivyoleta kile kile ilichokuwa inakikimbia.

Nilipokuwa seminari kuu, mwalimu wetu mmoja alituonya tusizipite hadithi za mataifa kana kwamba ni takataka za njiani. Mtakatifu Yustino, shahidi wa karne ya 2, alikwisha kusema juu ya mbegu za Neno zilizotawanywa kati ya watu kabla hawajasikia Injili. Na mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate, ulitufundisha kuyaheshimu yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini nyingine. Sisemi kwamba kila mila ni mbegu ya Neno. Nyingine ni magugu, na desturi ya kumtupa kigego ni gugu lenye sumu. Lakini ajabu ni hii: watu wale wale waliokuwa na desturi hiyo ndio waliokuwa na hadithi ya kuipinga. Mchana walimwogopa kigego; usiku, wakiota moto, waliwasimulia watoto wao jinsi kigego alivyokuwa mfalme. Dhamiri yao ilikuwa inazungumza kupitia hadithi.

Biblia yetu nayo imejaa watoto wa namna hiyo. Musa katika kikapu mtoni. Yusufu katika shimo. Na Yefta, ambaye wengi wetu tumemsahau. Fungua Waamuzi sura ya 11 uone jinsi anavyofanana na Mbega. Ndugu zake wanamfukuza asirithi nyumba ya baba yao kwa sababu ya mama aliyemzaa. Anakwenda kuishi mbali, anakusanya watu. Vita inapokuja, wazee wa Gileadi wale wale wanamfuata wakimwomba awe kiongozi wao.

Basi nikaona nimepata dawa. Nilikaa wiki tatu kabla ya kurudi Mlola, na sina udhuru wa kueleza wiki hizo tatu. Lakini nilirudi. Nilimkuta bibi amekaa jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Binti alikuwa nje anaanua nguo, mtoto yuko mgongoni. Nikasema, "Bibi, nimekuja kuomba radhi. Siku ile nilicheka."

Akasema, "Karibu Baba, kaa karibu na moto." Hakusema zaidi.

Tulipokwisha kunywa chai nikamwomba anisimulie habari za Mbega, kama alivyosimuliwa yeye utotoni. Akafurahi. Alisimulia vizuri kuliko mimi, na mikono yake haikuacha kuchambua. Alipofika mahali ndugu walipomnyima urithi, akasema, "kwa sababu alikuwa…" Mikono ikasimama juu ya ungo. Akatazama nje, alikokuwa mkwe wake. Mimi moyoni nikasema, hapo, Bwana asifiwe, ameelewa.

Kisha akanigeukia na kusema, "Lakini Baba, Mbega aliua simba. Huyu wetu je, asipoua simba?"

Ndugu msomaji, nina shahada za seminari na miaka mingi altareni. Swali lile lilinikuta mikono mitupu.

Kwa maana bibi alikuwa ameona kasoro iliyomo katika hadithi zote nilizozibeba kama dawa. Zinamsamehe mtoto aliyekataliwa kwa sharti moja: awe shujaa. Sundiata alisimama, akashinda. Karna alikuwa hodari wa upinde. Mbega aliua simba. Na wale wasiosimama je? Yule asiyetembea hadi leo, na kesho hatatembea? Yule mwenye mtindio wa ubongo ambaye hatawahi kutaja jina la mama yake? Yule mwenye ualbino ambaye hapa hapa nchini kwetu wenzake wamewindwa na kukatwa viungo na watu waliodanganywa na waganga kwamba humo mna utajiri? Kama thamani ya mtoto inasubiri simba auawe, basi wengi watakufa wakisubiri.

Tena kuna kasoro ya pili. Aliyekataliwa akipata nguvu bila kupata moyo mpya, naye hukataa wengine. Yefta yule yule aliyefukuzwa na ndugu zake, kwa nadhiri ya haraka alimtoa binti yake wa pekee. Na uzao wa Mbega? Mfalme mkuu Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, watawala wa ukoo ule walipigana wao kwa wao, wakawakamata raia wao na kuwauza utumwani pwani, hata Wabondei wakaasi katika vita iliyoitwa Kiva. Nyumba iliyojengwa na mtoto aliyenyimwa urithi ikawanyima watoto wa wengine uhuru wao. Ikabana shi.

Ndipo nikamkumbuka yule kipofu wa Injili ya Yohane, sura ya 9. Wanafunzi wanamwona, na swali lao ni swali la ukoo wowote duniani: ni nani aliyekosea hata akazaliwa hivi, yeye au wazazi wake? Yesu analikataa swali lenyewe. Hatafuti wa kulaumiwa. Anasema kazi za Mungu zitaonekana ndani ya mtu huyu, kisha anamgusa kwa tope na mate, vitu ambavyo wengine wangeona kinyaa.

Lakini hebu endelea kusoma, kwa sababu wengi wetu huishia kwenye muujiza. Mtu yule alipopona, mambo hayakumnyokea. Majirani walimhoji. Wazazi wake mwenyewe walijitoa kwa kuogopa kufukuzwa katika sinagogi. Walisema ni mtu mzima, muulizeni yeye. Mwisho wakamfukuza nje. Na hapo, katika mstari wa 35, kuna jambo dogo ambalo kwangu ni kubwa kuliko tope na mate: Yesu alipopata habari kwamba amefukuzwa, alimwendea hadi akampata. Hakungoja mtu yule awe mfalme wa mahali. Alimfuata akiwa bado nje.

Zaburi ya 118 inazungumzia jiwe lililokataliwa na mafundi, likawa la maana kuliko yote katika jengo, na Bwana mwenyewe alijitumia mfano huo katika Mathayo sura ya 21. Yeye ndiye aliyekataliwa kweli kweli. Naye hakuua simba ili watu wamkubali. Aliuawa nje ya mji, akafufuka, na wale waliomkimbia akawasalimu kwa amani. Huku ndiko kuzifya shi ambako Mbega hakukujua. Nchi inapona pale anayehesabiwa kuwa mkosi anapopewa nafasi mezani kabla hajafanya lolote la kuistahili.

Hayo yote sikumwambia bibi jikoni. Mengi niliyaona baadaye. Siku ile nilimwambia tu, "Bibi, asipoua simba atabaki mtoto wa Mungu na mjukuu wako." Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia neno zuri lisiloweza kufunga mlango usiku. Alikuwa na haki. Swali lake la kwanza lilikuwa bado halijajibiwa: nani atasimama na mtoto huyu?

Aliyelijibu ni katekista, ambaye muda wote alikuwa amekaa kimya kwenye kigoda. Alisema, "Mimi nitakuwa msimamizi wake wa ubatizo. Ng'ombe wenu akifa, waambieni wenye maneno waje kwangu kwanza. Mjomba akianguka na bodaboda, waje kwangu kwanza. Mimi na jumuiya yangu tutawajibu."

Bibi akarudisha mikono kwenye ungo. Akasema, "Basi Jumapili tutamleta."

Wakamleta. Safari hii hakufunikwa uso. Nilipompaka mafuta akakamata kidole changu, akakitia mdomoni na kukiuma kwa nguvu, kwa yale meno mawili ya juu na mawili madogo ya chini yaliyokwisha kuanza kuchomoza. Watu wakacheka. Bibi naye akacheka. Nikamkabidhi mtoto kwa mama yake na kidole kinaniuma.

Mpendwa msomaji, huenda kwenu hakuna anayehesabu meno. Lakini kila ukoo una kigego wake. Huenda ni mtoto wa chumba cha nyuma, ambaye wageni wakija mlango wake hufungwa. Huenda ni shangazi mzee mwenye macho mekundu ambaye kila homa ya mtoto hutajwa jina lake. Huenda ni yule aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye picha ya familia ikipigwa huambiwa ndiye ashike simu.

Leo ukitoka kanisani, usimtume mtu na usingoje ukoo ukae kikao. Nenda ufungue mlango ule wewe mwenyewe, ukae naye. Na maneno yakianza, sema kama yule katekista wa Mlola: njooni kwangu kwanza.

Jumapili njema.